Kupanda Mti kwa Paka ni Kazi Moja, Kushuka ni Nyingine

Paka akikurupushwa na mbwa haulizi mti una urefu gani. Kufumba na kufumbua yuko juu, mkia umetuna, manyoya yamemsimama, na mbwa amebaki chini akibweka bure. Kasheshe huanza mbwa akishaondoka. Paka anachungulia chini, ananyoosha mguu mmoja wa mbele kwenye shina, anaurudisha. Anageuka, anajaribu upande wa pili, anaurudisha tena. Kisha anaanza kulia.

Kuupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma, walisema wahenga, na kwa paka msemo huo hauna fumbo lolote. Ni maelezo ya mwili wake. Mti ni uleule, miguu ni ileile, lakini kupanda na kushuka kwake ni kazi mbili zisizofanana.

Watu wakimwona amekwama huamua haraka kwamba ni mwoga, au hana akili, au anadeka tu ili afuatwe. Sikubaliani nao. Paka mzima wa afya aliyekwama mtini mara nyingi ana uwezo wa kushuka. Njia ipo, na mwili wake unaiweza. Tatizo ni kwamba njia hiyo inamtaka ageuke na kurudi kinyumenyume, jambo ambalo macho yake, miguu yake na mazoea yake yote yanamkataza.

Ukucha unaoshika upande mmoja

Paka ana kucha 18 kwa kawaida: tano katika kila mguu wa mbele na nne katika kila mguu wa nyuma. Akiwa ametulia, kucha za mbele hujificha ndani ya vidole, zikivutwa na kano zinazonyumbuka. Akitaka kuzitumia hukaza misuli, nazo zikatokeza. Ndiyo maana hatua za paka hazisikiki, na ndiyo maana ncha za kucha zake hubaki kali wakati za mbwa husagika ardhini siku nzima. Anapokwaruza kochi lako hafanyi ufedhuli pia: anabandua ganda la nje lililochakaa ili ncha mpya iliyo chini yake itokee. (Kochi litakuwa limeharibika vilevile, najua.)

Jambo la kuangalia hapa ni mpindo. Kila ukucha umepinda kwenda chini, na ncha yake inatazama nyuma, upande wa kiganja. Paka akiwa kwenye shina, kichwa kikiwa juu, uzito wake unamvuta kuelekea mkiani. Kila anavyovutwa ndivyo ncha zinavyozidi kuzama kwenye gome. Kwa maneno mengine, uzito uleule ambao ungemwangusha ndio unaomfungia mtini.

Mwili mzima unaunga mkono kazi hiyo. Miguu ya nyuma, yenye misuli minene ya kurukia, inasukuma kutoka chini. Ya mbele inakumbatia shina na kuvuta. Paka anaweza kuvigeuza viganja vya mbele vikatazamana kuliko mbwa anavyoweza, na mtulinga wake ni kipande kidogo cha mfupa kilichoelea katikati ya misuli, hakikushikamana na bega, kwa hiyo mabega yako huru kutanuka na kujikunja. Ongeza na kasi. Paka ni mkimbiaji wa masafa mafupi, na mbio za sekunde chache zinatosha kumfikisha mbali. Akipanda kwa kasi, kila ruko linambeba hadi linalofuata.

Sasa mgeuze, kichwa kiwe chini. Uzito unamvuta kuelekea kichwani, lakini mpindo wa kucha haukubadilika. Ncha bado zinatazama nyuma, kwa hiyo badala ya kuzama kwenye gome zinachomoka. Kilichobaki kumshikilia ni msuguano wa nyayo, na juu ya shina lililosimama wima huo hautoshi. Miguu ya mbele, ambayo kazi yake ilikuwa kuvuta, sasa inabeba mwili wote na kutakiwa ifunge breki. Ile ya nyuma yenye nguvu iko juu, haina pa kusukuma. Na kasi iliyokuwa rafiki imegeuka adui.

Suluhisho ni lile ambalo mtu yeyote hulitumia kwenye ngazi ndefu: hushuki ukiwa umeipa mgongo, unaikabili na kutanguliza miguu. Paka akishuka kinyumenyume, kichwa kikibaki juu, kucha zinashika tena kama zilivyoshika wakati wa kupanda. Anajiachia kidogo, anashika, anajiachia, anashika. Wapo paka wanaofanya hivyo kwa ustadi kabisa. Wengine hukaa kwenye tawi siku nzima bila wazo hilo kuwajia.

Wanaoshuka kwa kutanguliza kichwa

Kindi hukimbia chini ya shina kichwa kikiwa mbele kana kwamba yuko kwenye tambarare. Siri yake iko kwenye kifundo cha mguu wa nyuma. Kinaweza kuzunguka hadi unyayo ukatazama nyuma, kwa hiyo kucha za nyuma zinaning'inia kwenye gome juu yake huku mwili ukiteremka.

Hata katika ukoo wa paka wapo wenye kifundo cha namna hiyo. Margai (Leopardus wiedii), paka-mwitu mdogo wa misitu ya Amerika ya Kati na Kusini, anaweza kuizungusha miguu ya nyuma karibu nyuzi 180, na huonekana akining'inia kwenye tawi kwa miguu ya nyuma peke yake. Chui-mawingu wa Asia (Neofelis nebulosa) naye huteremka shina kichwa mbele. Wote wawili ni wanyama wa msituni ambao sehemu kubwa ya maisha yao iko juu ya miti.

Chui wa kawaida ni mfano mgumu zaidi. Hupandisha mzoga mtini, tena mzito, na mara nyingi hushuka kichwa mbele bila kifundo cha ajabu. Lakini mtazame vizuri: hatembei kwa utulivu kwenye shina wima, anaporomoka kwa mbio fupi anazozidhibiti kwa mabega mazito, kisha sehemu ya mwisho anaruka. Paka wa nyumbani hufanya vivyo hivyo shina likiwa limeinama au tawi la chini likiwa karibu. Urefu wa kuruka ukimzidi, mbinu hiyo imekwisha. Simba ndiye wa kuchekesha. Wale wa Manyara, waliopata sifa kwa kulala juu ya miti, wakianza kushuka heshima yote ya mfalme wa nyika huishia hapo.

Paka wa nyumbani hakupewa kifundo cha margai kwa sababu hatoki msituni. Babu yake ni kimburu, Felis lybica, paka-mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati. Alianza kusogea karibu na binadamu miaka kama 10,000 iliyopita, wakulima wa mwanzo wa Mashariki ya Kati walipoweka akiba ya nafaka. Nafaka ikawavuta panya, na panya wakamvuta yeye. Katika kisiwa cha Kupro kulifukuliwa kaburi la miaka kama 9,500 ambamo paka alizikwa pembeni ya binadamu, na taarifa yake ilitolewa mwaka 2004. Katika muda wote huo umbo la mwili wake halikubadilika sana. Kimburu ni mwindaji wa ardhini. Huvizia panya kwenye nyasi na vichaka, na mti kwake ni kimbilio zaidi kuliko makazi. Mnyama wa aina hiyo anahitaji sana kupanda kwa haraka, kwa sababu anayechelewa huliwa. Kushuka kwa haraka hakuna anayemdai. Akikawia juu nusu siku, amepoteza nini?

Kwa nini apande basi

Kwanza ni hofu, na hiyo ndiyo huwafikisha wengi mahali pabaya. Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake ni windo pia, na anapotishwa miguu huamua kabla ya kichwa. Homoni za hofu humpa nguvu ambazo hatakuwa nazo saa moja baadaye, wakati wa kutafuta njia ya kurudi. Ndipo unapomkuta paka mnene wa ndani, ambaye kupanda kabati ni shughuli kwake, yuko kwenye tawi ambalo hata vijana hawalifikii.

Pili ni windo: ndege, kindi, mjusi. Paka anayemfuata ndege hupanda tawi hadi tawi akiwa amemkazia macho, na akishtuka ndege ameruka. Ndege ana mabawa.

Sababu nyingine ni tulivu zaidi. Mahali pa juu panampa paka nafasi ya kuona nani anaingia na nani anatoka bila yeye kuguswa, na penye paka wengi, aliye juu hupata faragha. Nyumba isiyo na rafu wala kabati la kupanda humfanya autafute mti. Halafu wapo paka wa miezi michache, wale wa umri wa kujaribu kila kitu. Hao hupanda kwa sababu mti upo.

Kinyumenyume na upofu wa miguu

Nilisema kushuka kinyumenyume kunakatazwa na mwili wake wote. Hapa ndipo watu wengi huruka, kwa hiyo tukae kidogo.

Mtazame paka akitembea juu ya ukuta mwembamba. Mguu wa mbele unagusa, unapima, unatua. Wa nyuma unakuja kutua palepale, au karibu kabisa na pale wa mbele ulipotoka. Hivyo ndivyo paka anavyotembea kila siku. Miguu ya mbele inachagua mahali kwa msaada wa macho, ya nyuma inaamini uchaguzi huo bila kuangalia. Nyuma ya miguu ya mbele, juu kidogo ya kiganja, kuna sharubu fupi zinazompa habari za kile alichokigusa. Miguu ya nyuma haina sharubu hizo.

Sasa mwambie ashuke kwa kutanguliza miguu ya nyuma. Inayotakiwa kuongoza ni ile ambayo maisha yake yote imekuwa ikifuata. Haijapimiwa mahali, macho hayaioni, na inashuka kwenye utupu. Shina limejaa mbele ya uso wake, na kitu kilicho karibu hivyo macho ya paka hayakioni vizuri; yameumbwa kwa windo lililo umbali wa kurukia.

Kina, kwa upande mwingine, anakiona barabara. Mwaka 1960 Eleanor Gibson na Richard Walk, wanasaikolojia wa Marekani, walichapisha majaribio yao ya jukwaa la kioo, ambapo upande mmoja sakafu ilionekana iko karibu na upande mwingine ikaonekana iko mbali chini. Watoto wa paka waliokulia kwenye mwanga, wakiwa na wiki nne hivi, waliukwepa upande wenye kina ingawa kioo kilikuwa kigumu chini ya miguu yao. Aliye mtini, basi, anajua vizuri sana kwamba ardhi iko mbali. Hofu yake si ujinga, ni hesabu sahihi.

Kwa hiyo hufanya kinachoeleweka: huigeuzia hatari uso. Akiigeuzia uso, kichwa kiko chini. Kichwa kikiwa chini, kucha hazishiki. Akihisi kuteleza, anarudi juu. Akirudi juu ameshapanda hatua nyingine. Wapo wanaofikia kilele kwa mtindo huu, kila jaribio la kushuka likiwaongezea urefu.

Kinachowatofautisha paka wawili wa umbo moja mara nyingi ni uzoefu. Aliyekulia penye miti, akaanza na mashina mafupi na kuteleza mara kadhaa akiwa mdogo, ameshagundua kwa bahati kwamba akijiachia kichwa kikiwa juu haanguki. Aliyelelewa ndani hajawahi kupata somo hilo, na mita kumi kutoka ardhini si mahali pa kuanzia. Mti nao una usemi wake. Wenye matawi tangu chini humshusha kwa hatua za kuruka hata kama hajui kurudi nyuma. Mnazi au mkaratusi ulionyooka bila tawi hauna huruma, na gome laini ni baya kuliko lenye mikwaruzo. Paka aliyetolewa kucha kwa upasuaji, jambo ambalo nchi nyingi zimelipiga marufuku kwa sababu hukatwa pamoja na mfupa wa mwisho wa kidole, hana hata kimbilio la kupanda.

Roho ya paka

Hapa pana imani mbili zinazofanya watu wapuuze.

Ya kwanza ni kwamba paka akianguka hutua kwa miguu, basi hakuna tatizo. Kujigeuza hewani ni kweli. Mfaransa Étienne-Jules Marey alipiga mfululizo wa picha za paka akianguka mwaka 1894, na zilionyesha sehemu ya mbele ya mwili ikigeuka kwanza, ya nyuma ikifuata, bila mnyama kusukuma chochote. Mtoto wa paka huanza kuweza hilo akiwa na wiki tatu au nne, na hulikamilisha karibu na wiki ya saba. Lakini kutua kwa miguu si kutua salama. Anayeanguka mtini hugonga matawi njiani, na miguu, taya na kifua huumia.

Watu hutaja pia utafiti wa New York uliochapishwa mwaka 1987, wa paka 132 walioanguka kutoka ghorofani na kufikishwa hospitali ya wanyama. Asilimia 90 walipona, na ajabu ni kwamba walioanguka kutoka juu ya ghorofa ya saba hivi walionekana kuumia kidogo kuliko walioanguka kutoka ghorofa za chini yake. Watafiti walieleza kwamba paka akishafikia kasi yake ya mwisho hulegea na kutandaza mwili. Inawezekana. Ila paka aliyekufa papo hapo hapelekwi hospitali, kwa hiyo hayumo kwenye hesabu, na pengo hilo peke yake linaweza kuipamba picha nzima. Mimi nisingeutegemea utafiti huo kumwacha paka wangu aruke.

Imani ya pili ni ule mzaha wa kwamba hakuna aliyewahi kuona mifupa ya paka juu ya mti. Hutaiona kwa sababu anayeishiwa nguvu huanguka. Juu ya tawi hakuna maji. Paka anayekaa bila kula siku kadhaa, hasa mnene, yuko kwenye hatari ya mafuta kujaa kwenye ini, ugonjwa unaoweza kumuua hata akishashuka.

Ukimkuta juu

Cha kwanza ni kuondoa kilichompandisha. Mbwa afungwe ndani, watoto waondoke, na majirani wanaotoa ushauri nao waondoke. Paka wengi hushuka kukiwa kimya, hasa usiku, na umati uliokusanyika kumwokoa ndio unaomzuia. Weka chakula chenye harufu kali chini ya shina, mwite kwa sauti yako ya kila siku, kisha jitenge. Usisimame chini yake saa nzima ukimwita bila kunyamaza: anachofanya ni kukukodolea macho, na hiyo inamweka kichwa chini, hali ileile isiyomfaa.

Kama tawi la chini liko karibu, egemeza ngazi au ubao mrefu wenye mikwaruzo kwa mteremko, ukifunge vizuri, uondoke. Mteremko humruhusu ashuke kichwa mbele, na hilo linamaliza ubishi wote wa kucha. Usitikise mti, usirushe mawe, wala usimpige maji ya mpira. Aliyelowa na kuogopa hupanda juu zaidi au huanguka. Kupanda mwenyewe bila kamba ni kutafuta majeruhi wawili, kwa sababu paka aliyejawa hofu akishikwa hukwaruza na kung'ata hata mkono unaomlisha.

Muda wa kusubiri unategemea paka. Mzima wa afya, hali ya hewa ikiwa tulivu, anaweza kupewa usiku mmoja. Ikikaribia saa 24, tafuta mtu mwenye vifaa: wakata miti wanaopanda kwa kamba mara nyingi ndio bora, na mahali pengine zimamoto au watu wa ustawi wa wanyama hukubali. Usisubiri kabisa kama ni mtoto, mzee, mgonjwa, ameumia, ukanda wa shingoni umenasa, kuna jua kali au mvua, au mti uko karibu na nyaya za umeme. Penye nyaya, wapigie watu wa umeme kwanza.

Akishafika chini mpe maji, kisha chakula kidogo kidogo, na kagua nyayo na kucha. Mara nyingi utakuta moja imechanika. Akikataa kula siku inayofuata, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na kama aliyempandisha ni mbwa wa jirani, zungumza na jirani wiki hiyohiyo, kwa sababu paka aliyeteswa na mti leo bado atauchagua kesho mbwa akitokea tena.